Ulaya Majira ya Kuchipua: Wiki Ipi, na Mahali Gani

Aprili inapoingia na mvua za masika kukolea, kambi nyingi za watalii kusini mwa Tanzania hufungwa kwa sababu barabara zake hazipitiki, baadhi ya hoteli za pwani ya Zanzibar hutumia nafasi hiyo kupaka rangi na kukarabati, na sisi tunaoishi kwa kuwapokea wageni hupata likizo ambayo Julai na Desemba hatuwezi hata kuiomba. Ndiyo maana swali ninaloulizwa zaidi na wenzangu wa kazi, pamoja na jamaa walioko Nairobi na Muscat wanaopanga kwenda kuwaona ndugu zao Ulaya, ni hili: kati ya Machi, Aprili na Mei, mwezi upi ni bora? Nimelijibu vibaya mara nyingi kabla ya kutambua kwamba swali lenyewe linahitaji kupangwa upya. Jina la mwezi peke yake halisemi kitu. Tarehe 10 Aprili mtu aliyeko Seville, kusini mwa Hispania, anaweza kutembea na shati la mikono mifupi, na aliyeko katika milima ya kati ya Norwei bado anakanyaga theluji. Swali lenye jibu ni hili: unataka kuona nini, na kitu hicho huwa tayari wiki gani, mahali gani?

Wataalamu wa hali ya hewa huhesabu majira ya kuchipua kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Mei, ilhali wanaofuata jua huanza kuhesabu karibu na tarehe 20 Machi, siku ambayo usiku na mchana hukaribia kulingana duniani kote, na kumaliza karibu na tarehe 21 Juni. Tofauti hiyo ya wiki tatu si ya kumsumbua msafiri. Linalomhusu ni kwamba uchipuaji wenyewe husafiri: huanzia kusini na pwani, ukaelekea kaskazini, na wakati huohuo ukapanda kutoka mabondeni kwenda milimani. Anayetaka kuuona mwendo huo kwa macho yake na aifuate miti ya matunda. Milozi ya Algarve, kusini mwa Ureno, hutoa maua Februari, wakati Berlin watu bado wamejifunika mitandio hadi puani. Micheri ya bonde la Jerte, magharibi mwa Hispania, hugeuka myeupe mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Katika mji mkongwe wa Bonn, Ujerumani, micheri ya mapambo hukutanisha matawi juu ya barabara na kuzifunika kwa maua ya waridi katikati ya Aprili. Mitufaha ya kandokando ya maji ya Hardanger, Norwei, hungoja hadi katikati au mwisho wa Mei. Ni miezi mitatu kamili tangu ua la kwanza hadi la mwisho, na kote huko ni majira ya kuchipua.

Mwendo wa kupanda mlima hauhitaji maelezo marefu kwa mtu aliyewahi kutoka kwenye migomba ya Marangu hadi kwenye mawe na barafu ya Kilimanjaro. Kwa wastani joto hushuka nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kwa sababu hiyo kijiji cha Uswisi kilicho bondeni kinaweza kuwa na majani mabichi na ng'ombe malishoni huku njia ya juu yake ikiwa imezibwa na theluji hadi Juni.

Maua ya tulipi ya Uholanzi ndiyo yaliyonifundisha hesabu ya wiki, kwa hiyo nitakaa kwayo kidogo. Bustani ya Keukenhof, iliyoko Lisse kati ya Amsterdam na The Hague, ilifunguliwa kwa umma mwaka 1950. Hupandwa matunguu ya maua takriban milioni 7 kila mwaka na hufungua milango kwa wiki nane hivi tu, kuanzia nusu ya pili ya Machi hadi karibu na katikati ya Mei. Wengi husoma tarehe hizo na kudhani kwamba wiki zote nane zinalingana. Hazilingani. Mwanzoni huchanua krokasi, kisha narsisi za manjano na hiyasinti zenye harufu nzito, na tulipi zenyewe hufikia kilele, katika mwaka wa kawaida, kati ya katikati ya Aprili na siku za mwisho za mwezi huo. Baridi ikichelewa kuondoka, kilele husogea mbele; joto likiwahi, hurudi nyuma.

Mimi nilifika wiki ya kwanza ya Mei. Ndani ya bustani maua yalikuwapo, kwa kuwa watunzaji hupanda aina zinazochelewa na kuyazika matunguu kwa matabaka ili yapokezane. Nje, kwenye mashamba ya wakulima niliyokuwa nimetoka mbali kuyaona, palikuwa na mistari mirefu ya mashina ya kijani yasiyo na vichwa, na pembezoni mwa shamba lundo la petali nyekundu na za manjano limelowa kwa umande na kuanza kuoza. Mkulima wa pale hauzi ua, anauza tunguu. Ua likishafunguka na akahakikisha kwamba halina ugonjwa, hulikata kichwa ili nguvu yote ya mmea irudi chini ardhini kunenepesha tunguu. Kwa hiyo shamba linalomeremeta Jumatatu linaweza kuwa la kijani tupu Ijumaa, na hakuna wa kulaumiwa. Anayetaka mashamba aende kati ya tarehe 15 na 25 Aprili. Anayetosheka na bustani ana nafasi pana zaidi.

Baada ya maua, jambo ambalo wengi wetu hatulipimi mapema ni mwanga. Saa yetu ya Kiswahili ilizaliwa karibu na ikweta, ambako jua huchomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, na tunahesabu saa ya kwanza ya mchana tukiwa na uhakika kwamba mchana umekwisha anza. Peleka hesabu hiyo Paris tarehe 20 Mei: jua linazama saa tatu na nusu usiku, na neno «usiku» linakosa maana kwa sababu watoto bado wanacheza mpira bustanini. Tarehe 1 Machi mji huohuo ulikuwa na mchana wa saa 11 tu. Kwa msafiri, tofauti hiyo ni sawa na kupewa nusu siku ya bure, kwani anayekwenda Mei anaweza kutoka makumbusho jioni kisha akaanza matembezi ya mji kwa mwanga kamili, jambo ambalo wa mwanzo wa Machi hawezi. Kaskazini zaidi nyongeza huwa kubwa zaidi: mwishoni mwa Mei Stockholm hupata mchana wa takriban saa 18. Muislamu anayeshika vipindi vyake atambue pia kwamba Magharibi ya Amsterdam mwishoni mwa Mei huingia karibu saa nne usiku, na Isha husogea hadi kukaribia saa sita au kuipita, kwa hiyo ni vizuri kuchukua ratiba ya msikiti wa mji anaofikia badala ya kutegemea mazoea ya nyumbani. Tena, Jumapili ya mwisho ya Machi nchi za Umoja wa Ulaya husogeza saa mbele kwa saa moja. Paris iliyokuwa nyuma ya Dar es Salaam kwa saa mbili hubaki nyuma kwa saa moja, na anayebadilisha ndege usiku wa Jumamosi hiyo anapaswa kuisoma tiketi yake mara mbili.

Kuhusu baridi, nambari za vipimo hazimwambii mengi mtu asiyezizoea, hivyo nitazitafsiri kwa mahali tunapopajua. Paris ya Mei, yenye wastani wa nyuzi 20 mchana na 11 hivi alfajiri, ni Nairobi ya Julai: sweta asubuhi, jua la kupendeza saa saba mchana, koti tena jioni. Amsterdam na London za Aprili ni baridi zaidi kidogo, na upepo wa baharini huongeza ukali. Roma na Athens mwishoni mwa Aprili hukaribia nyuzi 20 mchana. Seville ikifika Mei hupanda hadi nyuzi 27, na ndiyo maana anayeipenda Andalusia, eneo ulimo mji huo, namshauri aende kabla ya Juni, kwani baada ya hapo joto la mchana huwafungia watu ndani. Aprili yenyewe ina tabia ya kugeuka. Wajerumani na Waholanzi wana msemo kwamba Aprili hufanya ipendavyo, na sababu yake inaeleweka: jua la Aprili lina nguvu ya kupasha ardhi, ilhali hewa ya juu bado ni ya baridi kali, hivyo hewa ya moto hupanda kwa haraka, mawingu hujengeka, na siku moja hukuletea jua, manyunyu na mawe ya barafu kabla ya chakula cha jioni. Wakulima wa Ujerumani na Austria hawaamini kwamba baridi imeondoka mpaka zipite siku za «Watakatifu wa Barafu», tarehe 11 hadi 15 Mei, ambapo kwa mapokeo yao umande unaweza kuganda kwa mara ya mwisho. Ndipo huthubutu kupanda nyanya nje.

Mvua nayo ina ramani isiyotarajiwa. Nchi za Mediteranea hupata mvua zao wakati wa baridi, na kadiri Mei inavyokaribia ndivyo zinavyokauka. Ulaya ya kati hufuata njia nyingine kabisa: Prague, Vienna na Munich hupata mvua nyingi zaidi kuanzia Mei kuingia kiangazi, mara nyingi zikiwa mvua za radi za alasiri. Kwa hiyo mtu anayeahirisha safari ya Prague kutoka Aprili hadi Juni akikimbia mvua anaifuata huko mbele, ingawa ataikuta ya joto. Wenye mzio wa chavua nao wawe na ramani yao, kwa sababu chavua ya miti ya betula huisumbua Ulaya ya kaskazini na kati hasa mwezi Aprili, na chavua ya mizeituni huijaza Andalusia mwezi Mei.

Kuna mambo mawili ambayo majira ya kuchipua hayana, na ningependa msafiri ayasikie kabla ya kulipia. La kwanza ni bahari ya kuogelea. Maji hupoteza na kupokea joto polepole kuliko nchi kavu, kwa hiyo Mediteranea huwa baridi kuliko nyakati zote Februari na Machi, na joto lake hufikia kilele Agosti. Mwishoni mwa Aprili nilisimama kwenye ufuo wa Barcelona, jua kali, anga la bluu lisilo na wingu, nikavua viatu na kuingia hadi vifundoni. Miguu ilikufa ganzi nikiwa sijahesabu hadi ishirini. Maji yalikuwa karibu nyuzi 15, wakati bahari ya Zanzibar mwezi huohuo iko kwenye nyuzi 28 hivi. Anayetaka kuogelea bahari ya Ulaya afikirie Septemba, kwa kuwa hata Oktoba bahari hiyo huwa na joto kuliko Mei.

La pili ni milima ya Alpi. Baada ya Pasaka vituo vingi vya kuteleza kwenye theluji hufungwa, na magari ya nyaya yanayowapandisha watu vileleni husimamishwa kwa matengenezo hadi mwishoni mwa Mei au Juni. Njia za miguu za juu bado zina theluji na zile za kati zina matope. Barabara ya Stelvio ya Italia, iliyo kwenye mita 2,757, kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Hata hivyo, wiki hizohizo ndizo bora kwa jambo moja: theluji inayoyeyuka huyajaza maporomoko ya maji. Bonde la Lauterbrunnen, Uswisi, lenye maporomoko 72, hunguruma Mei kuliko mwezi wa Septemba, na maji ya Staubbach yanayoanguka karibu mita 300 hufika chini yakiwa ukungu unaokulowesha ukiwa bado uko mbali. Mwenye kutaka vilele asiende. Mwenye kutaka bonde na maji aende bila hofu.

Hadi hapa tumezungumza juu ya jua. Kalenda ya pili inayotawala majira haya ni ya mwezi, na ndiyo inayovuruga bei na nafasi kuliko hali ya hewa. Pasaka ya Wakatoliki na Waprotestanti huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza wa tarehe 21 Machi au baada yake, kwa utaratibu uliokua kutokana na uamuzi wa Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325. Kwa hiyo inaweza kuwa mapema kama tarehe 22 Machi au kuchelewa hadi 25 Aprili. Waorthodoksi wengi hupiga hesabu yao kwa kalenda ya zamani ya Juliasi, na hivyo Ugiriki mara nyingi husherehekea siku nyingine. Mwaka 2025 Pasaka zote mbili zilikuwa tarehe 20 Aprili. Mwaka 2026 ya magharibi iliwekwa tarehe 5 Aprili na ya Waorthodoksi tarehe 12. Mwaka 2027 zinaachana kwa wiki tano: tarehe 28 Machi na tarehe 2 Mei.

Tofauti hizo zina uzito. Katika Juma Kuu Roma hujaa mahujaji, na Seville hukesha na maandamano ya vyama vya waumini wanaobeba sanamu nzito mabegani kwa saa nyingi, huku vyumba vikipanda bei na vingine vikiwa vimechukuliwa mwaka mzima kabla. Takriban wiki mbili baada ya Pasaka Seville hufanya sherehe yake nyingine kubwa ya Aprili, na bei hupanda tena. Ugiriki, Pasaka ndiyo sikukuu kuu kuliko zote. Wakazi wa Athens hurudi vijijini na visiwani, na meli hujaa. Kama hayo ndiyo unayokwenda kuyaona, lipa na uende, kwani hakuna wakati mwingine wa kuyapata. Kama siyo, jihesabie wiki nzima mbali nayo kila upande, maana shule za Uingereza, kwa mfano, kwa kawaida hufunga wiki mbili kuizunguka.

Baada ya Pasaka huja mfululizo wa sikukuu ambao wageni wengi hawaujui. Italia hupumzika tarehe 25 Aprili na tarehe 1 Mei. Uholanzi huadhimisha siku ya kuzaliwa kwa mfalme tarehe 27 Aprili, na Amsterdam yote huvaa rangi ya chungwa. Ufaransa ina tarehe 1 na 8 Mei, kisha Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana na Jumatatu ya Pentekoste, ambazo huifuata Pasaka. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, Wafaransa huomba ruhusa ya Ijumaa, jambo wanaloliita kujenga daraja, na treni za kutoka Paris hujaa kwa siku nne. Shule zao nazo zimegawanywa katika kanda tatu zinazopokezana likizo kati ya Aprili na mwanzo wa Mei. Makumbusho ya Louvre hufungwa tarehe 1 Mei, na hufungwa kila Jumanne. Venice nayo ilianza tarehe 25 Aprili 2024 kuwatoza ada wageni wa kutwa katika siku maalumu zenye msongamano; anayelala mjini halipi, lakini hutakiwa kujiandikisha.

Watu hudhani kwamba majira ya kuchipua ni ya bei nafuu kwa sababu si Julai. Kwa Roma na Florence dhana hiyo haishiki, kwa kuwa Aprili hadi Juni ndicho kilele chao hasa, na makundi ya wanafunzi wa Italia kwenye ziara za shule huongeza foleni. Unafuu wa kweli uko Machi kabla ya Pasaka, na katika mapengo mafupi kati ya Pasaka na sikukuu za mwisho wa Aprili.

Pengo hilo hutofautiana kila mwaka, kwa hiyo nitalipima kwa mwaka 2027. Pasaka ya magharibi ni tarehe 28 Machi; wiki inayofuata bado ina wasafiri wa likizo. Tarehe 25 Aprili ni Jumapili ya sikukuu ya Italia, tarehe 27 ni ya Uholanzi, tarehe 2 Mei ni Pasaka ya Wagiriki, na tarehe 6 Mei ni Kupaa kwa Bwana. Kwa upande wetu, Ramadhani itakuwa imekwisha karibu na tarehe 9 Machi, na Idi ya kuchinja inatarajiwa karibu na tarehe 16 Mei, kutegemea kuandama kwa mwezi. Linalobaki wazi, ukiacha likizo za shule za Ufaransa, ni kati ya tarehe 8 na 23 Aprili. Ndani ya siku hizo kumi na tano mtu anaweza kuanzia Uholanzi kwenye mashamba ya tulipi, akapitia Bonn kwa treni kuona micheri, na kumalizia Paris, akiwa na koti lisilopitisha maji na sweta mbili, bila kuitafuta bahari wala vilele.

Kinachobaki ni viza, nayo ina hesabu yake. Ombi la viza ya Schengen, viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000, na uamuzi ambao kwa kawaida huchukua siku 15 unaweza kufikia 45. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kama siku zinalingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Uingereza haimo, ina viza yake. Kwa anayetaka kutua Amsterdam tarehe 14 Aprili 2027, mlango unafunguka tarehe 14 Oktoba 2026 na unafungwa tarehe 30 Machi, siku moja baada ya Jumatatu ya Pasaka, ambayo pamoja na Ijumaa Kuu ni sikukuu katika ofisi za Dar es Salaam na Nairobi. Mimi ningepeleka karatasi zangu mwezi Januari.